Leseni ya kuongoza watalii: namna ya kuipata na kuishi kwa kazi yake

Wengi huingia kazi hii bila kuipanga. Mtu anaufahamu mji, anaongea lugha moja au mbili za wageni, na siku moja jamaa anayefanya kazi hotelini anamwomba awatembeze watu wawili. Wanafurahi, wanamlipa, naye anaanza kujiuliza kwa nini asifanye hivyo kila siku. Swali zuri. Lakini kutoka kwa wageni wawili wa bahati hadi kazi ya kukulisha miaka ishirini kuna mambo mawili tofauti ya kutafuta: leseni, na watu watakaokuita tena baada ya mara ya kwanza. Kozi nyingi hushughulika na la kwanza tu. Ndiyo maana utakutana na watu wenye leseni halali shingoni na simu isiyolia.

Mwongozo huu unafuata yote mawili, kwa mpangilio ambao mimi ningemshauri mdogo wangu aufuate.

Hatua ya kwanza: amua unataka kuongoza nini

Usianze na fomu. Anza na maisha unayotaka kuishi, kwa sababu ndani ya kazi hii mna kazi kadhaa zisizofanana.

Mwongozaji wa eneo anaushika mji mmoja, jumba moja la makumbusho au magofu fulani. Anakutana na wageni asubuhi, anaagana nao mchana au jioni, analala kwake. Kazi yake kubwa ni maelezo. Kiongozi wa msafara huwapokea wageni uwanja wa ndege na kukaa nao siku kumi au kumi na tano. Kazi yake kubwa ni mizigo iliyopotea, vyumba vilivyokosewa, mgeni asiyekula nyama na basi lililochelewa. Maelezo marefu huwaachia waongozaji wa kila eneo wanakopita. Mwongozaji wa porini lazima awasome wanyama, upepo na nyayo, na mara nyingi ndiye dereva pia. Wa mlimani ana mapafu na vichwa vya watu mikononi mwake, na siku nyingine uamuzi wake mkubwa ni kumwambia mtu aliyelipa fedha nyingi kwamba safari yake imeishia hapo.

Jiulize maswali ya kawaida kabisa. Unaweza kukaa mbali na watoto wiki mbili mfululizo? Magoti yako yanasemaje? Unapenda kuongea saa sita, au unachopenda hasa ni kuwa nje? Mtu mkimya anayependa ndege anaweza kuwa mwongozaji bora wa porini na akawa mbaya sana ndani ya basi la watu hamsini. Ukichagua aina ya kazi kwanza, utajua ni leseni ipi unayoitafuta, maana mara nyingi si leseni moja.

Hatua ya pili: soma sheria ya mahali utakapofanya kazi

Hapa ndipo watu hudanganywa na hadithi za vijiweni. Sheria za kuongoza watalii hutofautiana sana kutoka nchi hadi nchi, na hata kutoka mji hadi mji, kwa hiyo uzoefu wa rafiki yako aliyeko kwingine huenda usikusaidie chochote.

Tazama mifano michache. Japani ilikuwa na sheria ya mwaka 1949 iliyotaka kila anayeongoza wageni kwa malipo kwa lugha ya kigeni awe amefaulu mtihani wa taifa. Mwaka 2018 mlango ukafunguliwa: sasa hata asiye na leseni anaweza kufanya kazi hiyo kwa malipo, ila haruhusiwi kujiita mwongozaji mkalimani mwenye leseni. Uingereza haikukatazi kuongoza watu barabarani bila cheti, lakini beji ya bluu, inayovaliwa na waongozaji waliofuzu, inaheshimiwa sana na yapo majengo mashuhuri yasiyokubali mtu asiye na beji inayotambuliwa aongoze kikundi ndani. Italia, baada ya mvutano wa miaka mingi kati ya mikoa, ilipitisha Desemba 2023 sheria inayoweka mtihani mmoja wa taifa na orodha moja ya waongozaji. New York inataka leseni, na mtihani wake una maswali 150, ambayo kati yake unahitaji kupata 97. Washington ilikuwa na mtihani wake pia, hadi mwaka 2014 mahakama ya rufaa ilipoufuta kwa hoja ya uhuru wa kusema. Mwaka huohuo mahakama nyingine ya rufaa ikaukubali ule wa New Orleans. Nchi moja, mwaka mmoja, majibu mawili.

Afrika Mashariki nayo ina utaratibu wake. Nchini Kenya leseni ya serikali hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, na kando yake kipo chama cha waongozaji wa safari, KPSGA, kilichoundwa 1996, chenye mitihani ya ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Kampuni nyingi za safari huuliza ngazi yako kabla hazijauliza jina la baba yako. Tanzania kuna Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, na kwenye Kilimanjaro hakuna mgeni anayepandishwa bila mwongozaji mwenye leseni.

Unapokwenda ofisi inayohusika, au unapoisoma sheria yenyewe, tafuta majibu ya mambo haya. Leseni inafika wapi: nchi nzima, mkoa, au hifadhi moja tu? Je, imeandikwa lugha utakayotumia, kiasi kwamba ukiongeza lugha nyingine utarudi kwenye mtihani? Inadumu muda gani? Je, unaweza kuiomba ukiwa peke yako, au ni lazima kampuni iliyosajiliwa ikuombee? Je, raia wa nchi nyingine anaruhusiwa? Na kwenye maeneo ya makumbusho au hifadhi, je, leseni ya serikali inatosha au kuna kibali chao cha ziada? Swali hili la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi, na jibu lake utalipata getini mbele ya wageni kumi na wanne ukiwa hukuuliza mapema.

Kuhusu vishoka, yaani wanaoongoza watu bila leseni: wapo kila mahali na wengine wanajua kazi kuliko wenye vyeti. Bado usianze hivyo. Ajali ikitokea huna bima itakayokulinda, mgeni akilalamika huna pa kusimama, na jina ulilojijengea kwa miaka mitatu ya ukishoka huwezi kulipeleka kwa kampuni ya maana.

Hatua ya tatu: mafunzo na makaratasi

Mahali pengine kozi ni lazima kabla ya mtihani, kwingine unaweza kujisomea na kujiandikisha tu. Ukiwa na uhuru wa kuchagua kozi, usihesabu kurasa za vitabu. Uliza ni siku ngapi mtakuwa nje. Kozi inayokaa darasani miezi mitatu na kutoka nje mara mbili itakupa cheti na woga. Uliza pia nani anafundisha: mtu anayeongoza wageni hadi leo, au mtu aliyeacha zamani? Wote wawili wana faida, lakini wa kwanza ndiye atakayekutambulisha kwa kampuni.

Makaratasi yanayohitajika sehemu nyingi yanafanana: kitambulisho, picha, cheti cha polisi cha mwenendo mwema, vyeti vya shule, uthibitisho wa lugha na cheti cha huduma ya kwanza. Anza na cheti cha polisi, kwa kuwa ndicho huchelewa. Na cheti cha huduma ya kwanza kina mwisho wake. Ukikichukua mapema mno kinaweza kukuishia kabla hata ya mtihani.

Hatua ya nne: lisome eneo kwa miguu

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo kazi inapojengwa.

Chagua njia moja utakayoiongoza. Itembee asubuhi, saa sita mchana, jioni, na mara moja kwenye mvua. Nenda na daftari. Andika mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote: kivuli kiko wapi saa tano, choo kipi kinafunguliwa mapema, ngazi ni ngapi na kuna mkono wa kushikilia au hakuna, wapi kelele za magari zinaumeza mdomo wako, wapi basi linaweza kusimama bila trafiki kulifukuza, fundi gani huwasha mashine yake saa nne kamili. Piga hatua kutoka kituo hadi kituo ukitazama saa, kisha ongeza nusu ya muda huo. Mtu mmoja hutembea kilomita nne au tano kwa saa. Watu ishirini wenye kamera hawafiki hapo.

Baada ya hapo jaza maarifa. Kwa kila kituo, tafuta vitu vitatu: kile anachokiona kila mtu, sababu ya kuwa hivyo kilivyo, na mtu mmoja halisi aliyehusika. Tarehe huja baadaye. Mgeni hasahau kwamba fundi fulani aligombana na tajiri wake katikati ya ujenzi. Mwaka jengo lilipokamilika ataupoteza kabla ya kufika hotelini.

Kila unachotaka kukisema, kikague kwenye vyanzo viwili visivyonukuu kimoja kutoka kwa kingine. Waongozaji husikilizana na kuigana, na uongo mtamu husafiri kutoka kikundi hadi kikundi kwa miongo. Umewahi kusikia kwamba sanamu ya mpanda farasi husema alivyokufa? Mguu mmoja wa farasi ukiwa juu, alijeruhiwa vitani. Miwili ikiwa juu, aliuawa vitani. Yote ikiwa chini, alifia kitandani. Ni porojo. Wachongaji hawakufuata kanuni hiyo, na sanamu nyingi zinaikanusha. Umewahi kuambiwa Ukuta Mkuu wa China unaonekana kwa macho kutoka mwezini? Hauonekani. Yang Liwei, Mchina wa kwanza aliyepelekwa angani na nchi yake, mwaka 2003 alirudi akasema hata kutoka kwenye mzingo wa dunia hakuuona.

Mfano wa karibu zaidi ni maonyesho ya maji kwenye ikweta. Beseni lenye tundu, njiti ya kiberiti ikielea juu ya maji. Hatua chache kaskazini mwa mstari njiti inazunguka upande mmoja, hatua chache kusini inazunguka upande wa pili, na juu ya mstari maji yanashuka wima. Wageni hupiga makofi. Ukweli ni kwamba athari ya mzunguko wa dunia ipo na inageuza vimbunga vikubwa, lakini kwenye ikweta yenyewe ni sifuri, na mita ishirini kando yake ni hafifu mno kuyatawala maji ya beseni. Kinachoamua ni jinsi maji yalivyomiminwa na jinsi mwonyeshaji alivyougeuza mwili wake alipoliweka beseni. Unaweza kulionyesha bado kama mchezo, ukasema ni mchezo, na ukamalizia kwa kueleza vimbunga. Daktari wa fizikia aliyemo kwenye kikundi atakuheshimu, na wengine hawatakosa burudani yao.

Weka haya yote kwenye faili moja, na kila taarifa iandikie ulikoitoa. Baada ya mwaka mmoja mgeni atakubishia, nawe utataka kujua kama uliisoma mahali au uliisikia kwa dereva.

Hatua ya tano: mtihani

Kwa kawaida una sehemu tatu: wa maandishi, wa mdomo na wa vitendo. Wa maandishi hauhitaji maelezo mengi. Pata mitihani ya nyuma, soma, jipime kwa saa.

Wa mdomo huwaangusha watu kwa kosa moja: kujibu wasichokijua. Mtahini akikuuliza urefu wa mnara na huujui, sema hukumbuki takwimu hiyo, kisha sema unachokijua kuhusu mnara huo na utakapoitafuta takwimu. Mtahini mzoefu anataka kuona utafanya nini mbele ya mgeni, na mtu anayebuni namba mbele ya mtahini atabuni namba mbele ya kila mtu.

Wa vitendo hufanyika barabarani au ndani ya basi. Basi ni somo lake. Likienda kilomita 40 kwa saa, linapita mita kumi na moja kila sekunde. Ukingoja jengo lionekane ndipo uanze sentensi, ukifika kwenye jina lake wageni wanatazama kituo cha mafuta. Kwa hiyo sema mapema: “Tukishavuka mataa yanayokuja, upande wenu wa kulia, mtaona ukuta mweupe.” Na ni upande wao wa kulia, hata ukiwa umewageukia na wako uko upande mwingine. Zoea hili kwenye mabasi ya kawaida, ukinong'ona mwenyewe. Watu watakushangaa, waache.

Hatua ya sita: tengeneza kituo kimoja hadi kiive

Usijaribu kuwa mzuri kwenye njia nzima kwa mara moja. Chukua kituo kimoja cha dakika saba ukifanyie kazi mpaka kikae.

Tuseme uko kwenye mtaa wa zamani Uingereza, mbele ya nyumba yenye madirisha mawili yaliyozibwa kwa matofali. Una watu ishirini na wawili. Sehemu ya kusimama umeichagua tangu jana: ukuta nyuma yako ili wapita njia wasikate katikati yenu, kivuli upande wao, jua usoni mwako. Wewe ndiye wa kukunja uso, siyo wao. Umefika wa kwanza, lakini huanzi. Unamngoja yule wa mwisho mwenye kamera, maana ukianza na walio mbele, walio nyuma watakuuliza yote upya, na safari ijayo hawataona haja ya kuharakisha.

Sentensi ya kwanza ielekeze macho, isieleze chochote: “Tazameni ghorofa ya juu, dirisha la tatu kutoka kushoto.” Kisha nyamaza. Sekunde tatu au nne za ukimya huonekana ndefu kwako tu, wao wanatafuta. Mtu atasema limezibwa. Muulize anadhani kwa nini. Watakisia wizi, baridi, ugomvi wa jirani. Ndipo uwape kodi ya madirisha: ilianza Uingereza mwaka 1696, ikahesabu madirisha ya kila nyumba, na ikafutwa 1851. Mwenye nyumba alipiga hesabu kichwani mwake, akaona tofali ni nafuu kuliko mwanga. Sema pia ukweli unaowapa wageni imani nawe: si kila dirisha la namna hii lilizibwa kwa kodi, mengine yalijengwa hivyo tangu mwanzo ili uso wa nyumba ulingane pande zote. Halafu rudi kwa watu: waliokaa gizani zaidi ni wapangaji, na madaktari wa wakati huo walilalamika kwamba nyumba zisizo na hewa zinaleta magonjwa. Maliza kwa kusema mnaelekea wapi na watakachokitafuta kwa macho njiani. Picha wapige sasa. Ukiwapa nafasi ya picha mwanzoni, utaongea na migongo.

Dakika saba zimekwisha, na takwimu ulizotumia ni mbili. Nyingine zote zilizomo kwenye faili yako zibaki huko hadi mtu aulize.

Hatua ya saba: usalama

Hesabu watu kila mnapoondoka mahali, kwa vidole ikibidi. Pata namba ya simu ya kila kiongozi wa familia na dereva. Uliza mapema, faraghani, kuhusu magonjwa na dawa.

Kozi ya huduma ya kwanza usiifanye kwa ajili ya cheti tu. Moyo wa mtu mzima ukisimama, unakandamiza katikati ya kifua kwa kina cha sentimita tano hadi sita, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, mara 30 kisha pumzi 2, na unaendelea hadi msaada ufike. Mikono lazima iwe imezoea kabla siku hiyo haijafika.

Kwa wa mlimani: juu ya mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 hivi kati ya kulala kwa leo na kulala kwa kesho, na kila baada ya siku tatu au nne weka siku ya kupumzika. Kichwa kinachouma pamoja na kichefuchefu au uchovu usio wa kawaida ni ishara ya kutopanda zaidi. Mtu akianza kuyumba kama mlevi au kuchanganyikiwa, anashushwa mara moja, hata kama ni usiku na hata kama anagoma. Kilele hakina haja ya kujadiliwa hapo.

Hatua ya nane: pata kazi, kisha uitwe tena

Leseni mkononi, sasa unatafuta wa kukupa wageni. Wengi wao watakuwa kampuni za utalii na mawakala, angalau miaka ya mwanzo.

Elewa anachokihitaji mtu wa ofisini anayepanga waongozaji. Hatafuti msemaji mzuri kuliko wote nchini. Anatafuta mtu atakayefika, atakayewarudisha watu wote, na asiyempigia simu saa nne usiku kwa tatizo ambalo angelimaliza mwenyewe. Kwa hiyo thibitisha kazi siku moja kabla kwa ujumbe mfupi. Fika nusu saa mapema. Baada ya ziara tuma mistari minne: watu walikuwa wangapi, mlimaliza saa ngapi, kilichoharibika, kinachofaa kubadilishwa safari ijayo. Ni waongozaji wachache wanaofanya hivyo, na ndiyo sababu anayefanya huonekana.

Mlango mzuri wa kuanzia ni kuwa msaidizi. Omba kutembea nyuma ya mwongozaji mzoefu, kwa ruhusa yake na ya kampuni. Beba maji, hesabu watu, tafuta tiketi. Tazama anavyoingia getini na anavyoongea na walinzi, kwa sababu hayo hayafundishwi. Na kuna sheria isiyoandikwa ambayo ukiivunja mara moja mji mzima utajua: usigawe namba yako kwa wageni wa kampuni ya mtu mwingine. Wageni uliokabidhiwa na wakala ni wa wakala. Wakitaka kukurudia mwakani, wapitie huko huko.

Unapopanga bei yako, usianze na bei ya jirani. Andika fedha unazohitaji kwa mwaka mzima: chakula, kodi, ada za shule, bima, nauli, viatu, ada ya leseni, vitabu. Kisha kadiria kwa ukali siku utakazolipwa. Msimu wa wageni ukiwa miezi mitano na ukapata kazi siku tano kwa wiki, hiyo ni kama siku mia moja na kumi. Gawa jumla ya mahitaji kwa siku hizo, si kwa siku 365. Wanaoanza hugawa kwa mwezi wa mshahara wa kawaida na kushangaa mbona msimu mfu unawamaliza. Kumbuka pia kwamba kikundi kipya cha wataalamu wa majengo kitakuchukua siku mbili za kusoma kabla hujakutana nao, na siku hizo halipi mtu isipokuwa umeziingiza kwenye bei.

Bakshishi ipokee kwa shukrani na usiiweke kwenye bajeti. Kamisheni za maduka ni jambo gumu zaidi. Mwenye duka atakuahidi asilimia ukimletea wageni, na wageni hugundua haraka kwamba njia imepinda kuelekea kwa mjomba wako. Soma mkataba wako na kampuni. Nyingi zina kifungu juu ya hilo. Ukiona duka ni zuri kweli, waambie wageni kuna uhusiano gani kati yenu na uwaachie wao.

Ujuzi mmoja wa kipekee hulipa kuliko ujuzi wa jumla. Lugha ambayo wenzako hawaijui, ndege, historia ya wanawake wa eneo lako, kuongoza watu wanaotumia viti vya magurudumu, maelezo kwa wasioona. Wakala akipata kikundi cha aina hiyo mara tatu kwa mwaka, atakupigia wewe kwanza, na kwa sababu hiyo atakuzoea hata kwa kazi za kawaida.

Hatua ya tisa: chama, na kulinda unachokimiliki

Jiunge na chama cha waongozaji ukikipata. Kinasaidia kwenye mgogoro wa malipo, kinaandaa mafunzo, na hapo ndipo mtu mwenye vikundi viwili kwa siku moja hutafuta wa kumpa kimoja. Duniani kuna shirikisho la vyama hivi, WFTGA, lililoanzia kwenye mkutano wa mwaka 1985, na tarehe 21 Februari huadhimishwa na waongozaji wengi kila mwaka kwa kutembeza wenyeji bure. Tumia siku kama hiyo: majirani wakikusikiliza, ofisi ya makumbusho ikikuona, na wewe ukipata watu wa kujifanyia mazoezi.

Mwisho, tarehe za kuisha. Leseni, cheti cha huduma ya kwanza, bima na kibali cha kila geti vina tarehe zao na hazilingani. Ziandike zote kwenye ukurasa mmoja na weka kikumbusho miezi mitatu kabla ya kila moja. Ofisi huchelewa, na picha zile za pasipoti hazipatikani ukiwa na haraka. Leseni ikiisha Jumatano ukaongoza wageni Alhamisi, mwenye bima atasoma tarehe hiyo kabla hajasoma kitu kingine chochote kwenye faili lako.